Mjomba naye ni msiba: maswali ya wafanyakazi ninayojibu kituoni kwetu Mtwara

Mimi ni afisa utawala kwenye kituo cha afya binafsi hapa Mtwara mjini. Sio kikubwa, tuna OPD (wagonjwa wa nje), maabara, leba na vitanda vichache vya kulaza, na hatuna mtu wa rasilimali watu wa kusema huyu kazi yake ni hiyo tu, kwaiyo maswali yote ya wafanyakazi yanaishia mezani kwangu. Likizo, zamu, naiti, mshahara mbona umepungua, nani kasema simu haziingii leba, yote kwangu. Najua wengi wenye kazi kama hii kwenye zahanati na vituo vya huku kusini, kuanzia Masasi mpaka Kilwa, hawakusomea sheria za kazi, walisomea mambo mengine wakakabidhiwa funguo na makabati ya mafaili wakaambiwa endesha. Nyie ndo nawaandikia hasa. Na wafanyakazi pia, maana mna haki ya kujua jibu mnalopewa limetoka wapi.

Nianze na hilo la jibu limetoka wapi, kwa sababu ndo linaleta ugomvi kuliko kitu chochote. Mtu akiniuliza swali la sera namwambia wazi, hapa ni sheria ya nchi, na hapa ni utaratibu wa kituo chetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nimeiprinti, ipo mezani imechakaa kona zote, na mtu akitaka namfungulia ukurasa asome mwenyewe. Kilichomo mle bosi hawezi kukupunguzia hata akikasirika. Kilichoongezwa na kituo ni makubaliano, kinaweza kuongezeka kinaweza kubadilika, na kama hukipendi unaweza kukidai kwenye kikao. Watu wakishaelewa hiyo tofauti wanatulia sana aisee, maana kinachowaumiza mara nyingi sio jibu la hapana, ni kuhisi kwamba hapana imetungwa pale pale kwa ajili yake yeye na mwenzake akienda kesho ataambiwa ndiyo.

Sasa mjomba.

Kijana wetu mmoja wa maabara alikuja asubuhi macho mekundu, akasema dada mjomba kafariki, kwetu Newala, naomba ruhusa nikazike. Nikampa pole, nikamruhusu aondoke, magari ya Newala hayamsubiri mtu. Alivyorudi baada ya matanga ndo tukakaa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya uhusiano na marehemu, na mhasibu alishaniuliza hizi siku zinalipwa au hazilipwi. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu yako wa kuzaliwa. Basi. Mjomba hayumo. Nilimsomea taratibu, akanyamaza, halafu akasema, "Dada, mimi baba yangu sijawahi kuishi naye. Mjomba ndo kanilipia ada mpaka chuo, ndo alienda kuniposea mke. Kwaiyo yeye sio mtu?"

Wasiotoka huku niwaeleze kidogo. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, hawa wote asili yao ni ukoo wa upande wa mama, mtoto anahesabiwa kwa mama yake, na mwanaume mwenye sauti juu ya mtoto ni kaka wa mama. Dini zimebadilisha mengi, shule zimebadilisha, maisha ya mjini yamebadilisha, lakini kwenye posa, kwenye jando na unyago, kwenye ugomvi wa ndoa na kwenye msiba bado watu wanauliza mjomba yuko wapi. Sheria imeandikwa kwa nchi nzima haikukaa kufikiria hilo, na siilaumu, yenyewe imeweka kiwango cha chini. Ila mimi nilikuwa na mtu mbele yangu.

Nikaenda kufungua mafaili ya ruhusa za nyuma. Nikakuta fomu kadhaa watu wameandika "mzazi", halafu ukilinganisha jina na fomu zao za ajira haviendani. Nikaelewa kinachoendelea, watu walikuwa wanazika wajomba zao kwa jina la baba. Sio wahuni hawa, ni manesi wazuri kabisa, mmoja ndo namuamini kuliko wote na funguo ya stoo ya dawa. Fomu yetu ndo ilikuwa inawafundisha kudanganya, na mtu akishazoea kudanganya kwenye fomu ya msiba utamuaminije kwenye fomu ya dawa au rejista ya sindano? Hilo ndo lilinisukuma nisiliache.

Nilipeleka kwa daktari mwenye kituo. Yeye ni mtu wa Kanda ya Ziwa, kwao wakubwa ni upande wa baba, akaniambia sasa tukimuweka mjomba si kesho watataka na jirani, na huku kila mtu ana wajomba kumi. Na hapo hakukosea, kwa kabila nyingi binamu yake mama naye unamuita mjomba. Nikamuomba matroni, mkuu wa manesi, aje tuongee watatu, mama mtu mzima, Mmakonde wa Kitangali, na yeye ndo alimaliza ubishi. Alimwambia daktari, wajomba ni wengi lakini mjomba aliyekubeba ni mmoja, muulize mtu yeyote hapa ndani atakutajia bila kufikiri.

Kwaiyo tukaliandika hivyo. Kila mfanyakazi kwenye faili lake anajaza jina la mlezi mmoja, mtu aliyemlea au aliyesimama naye, awe mjomba, shangazi, mama mdogo, hata mtu baki, anajaza mapema kabla ya jambo lolote na anaruhusiwa kubadilisha mwanzoni mwa mwaka. Akifariki huyo, kituo kinatoa siku 2 za malipo, hizi ni za kituo sio za sheria, hazigusi zile 4. Mtu akitaka kukaa zaidi anachukua kwenye likizo yake ya mwaka au bila malipo. Siku tunajaza hayo majina kuna watu walilia. Dada wa mapokezi aliandika jina la bibi mmoja wa Mikindani ambaye hata sio ndugu yake, akakaa anaangalia karatasi muda mrefu ndo akanirudishia.

Kingine kwenye hizo siku 4, na hiki waelezeni watu mapema kabisa, siku wanaajiriwa, maana wengi hawakijui. Zile 4 sio kwa kila msiba. Sheria inahesabu mzunguko wa miezi 36 kwa likizo zote zenye malipo ukiacha ya mwaka, na ndani ya huo mzunguko siku zako ni zile 4 hata ufiwe mara ngapi. Mwajiri anaweza kukuongezea lakini za kuongeza hazina malipo. Ukimwambia mtu habari hii siku amefiwa ataichukua kama tusi na hatokusamehe. Ukimwambia siku anasaini mkataba, anaguna, anauliza maswali yake mawili matatu, anaelewa. Siku ya msiba mimi siongelei sera kabisa, natoa pole, naandika tarehe, hesabu tutafanya akirudi.

Jambo la pili ni maswali yanayokuja na neno "mtu".

Mama mmoja wetu wa usafi alinikuta naweka saini mapokezi, akauliza kwa sauti ya chini huku anafuta kaunta ambayo alishaifuta, "Bosi, hivi mtu akichomwa na sindano anakatwa mshahara?" Ungeweza kujibu hapana hakatwi ukaendelea na saini zako. Mimi niliweka kalamu chini nikamuuliza, lini? Akasema jana jioni. Alikuwa anafunga mfuko mweusi wa takataka za kawaida, mtu kaacha sindano humo badala ya kuitia kwenye sefti boksi, lile boksi la sindano zilizotumika, ikamwingia kwenye kiganja kupitia glavu. Akaosha na maji, akanyamaza, akaenda nyumbani akapika, akalala nayo.

Kwa wanaofanya kazi vituoni mnajua kinachofuata. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU inabidi zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya masaa ya kwanza ndo bora zaidi, na mwisho ni masaa 72, na zinamezwa siku 28. Yeye alikuwa bado ndani ya muda. Nikampeleka mwenyewe kwa daktari pale pale, akapimwa, akaanzishiwa, na mengine yaliyofuata ni ya kwake siyasemi. Ila nilichojifunza nakisema kila mahali, kwamba mama yule kwa karibu siku nzima alikuwa anaogopa mshahara kuliko anavyoogopa ugonjwa, na alikuwa na sababu, pale alipofanya kazi kabla yetu walikuwa wanakata hela kwa glavu iliyochanika.

Tukabandika karatasi kwenye chumba cha usafi na kila chumba cha sindano, kwa herufi kubwa, Kiswahili cha kawaida, ukichomwa osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, njoo saa hiyohiyo hata usiku, hukatwi hela na hufokewi. Na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri ndo anauchangia yeye mwenyewe bila kukata senti kwa mfanyakazi, na kuumia kazini ndo shughuli yake. Taarifa inatakiwa iandikwe na ipelekwe. Wafanyakazi wengi wa usafi niliowauliza walidhani WCF ni ya madaktari. Ni ya kila mwenye ajira, hata mlinzi wa geti.

Toka hapo nikisikia "hivi mtu aki..." nasimama. Mtu akiacha dawa za TB katikati, mtu akipata ujauzito kabla ya kumaliza majaribio, mtu akitukanwa na mgonjwa. Huyo mtu mara nyingi yuko mbele yako amekushikia faili.

Hela ya naiti sasa, hii nayo. Kila mwezi mshahara ukitoka kuna mtu anakuja, dada naiti zangu mbona kidogo hivi, rafiki yangu yuko kituo fulani analipwa zaidi. Zamani walikuwa wanaambiwa tu ndo utaratibu. Mimi natoa kalkuleta. Chukua mfano mshahara wa msingi ni 390,000. Sheria inakufundisha kuupeleka kwenye saa, unagawa kwa 4.333 kupata wiki, unagawa tena kwa saa 45 za wiki, inakuja kama 2,000 kwa saa. Kazi ya usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na nyongeza yake ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Asilimia 5 ya 2,000 ni shilingi 100. Ukikesha masaa 10 ni 1,000. Nesi mmoja tulipofika hapo aliiangalia kalkuleta akasema rudia, nikarudia, akasema, "Kumbe buku?" Ndiyo, buku, hiyo ndo ya lazima.

Kwaiyo kama kituo kingine wanalipa zaidi wamejiongezea wenyewe, na hapo mfanyakazi anajua cha kudai ni nini na anamdai nani. Kwetu sisi, manesi walipoelewa hesabu waliacha kunidai mimi wakaleta ombi kwenye kikao, hawakuomba hata hela, waliomba bajaji ya kuwaleta usiku wanaotoka mbali na chai ya saa 8 usiku. Wamepata. Ila ovataimu ni kitu kingine msichanganye, saa za ziada ni mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na zina kikomo, saa 50 kwa kila wiki 4, na sikukuu au siku yako ya mapumziko ukifanya kazi ni mara mbili. Na mjamzito haruhusiwi kupangwa naiti miezi 2 kabla ya tarehe yake ya kujifungua, na miezi 2 baada ya kujifungua. Hili mpanga rosta aliandike ukutani, sio la kubembelezana.

Uzazi sitakaa sana, watu wengi wanaijua, siku 84, mapacha 100, ukirudi unapewa mpaka masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha, baba anapata siku 3 azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kipya ni kwamba marekebisho ya sheria ya 2025 yamemfikiria mama aliyejifungua mtoto njiti, likizo yake inaongezwa wiki zile zilizobaki kufika wiki 40 za ujauzito. Kwenye kituo kinachozalisha watu kila siku ingekuwa aibu mfanyakazi wetu akose kuambiwa hilo na sisi.

Msimu wa korosho ndo kipindi kigumu kwangu. Kuanzia Oktoba huko kila mtu ana shamba la mama, la bibi, la mume, na kila mtu anaomba likizo wiki hizohizo kuokota na kusubiri minada. Wakati huohuo hela ya mnada ikiingia kwenye akaunti za wakulima wagonjwa wa kulipa taslimu wanaongezeka, watu walioahirisha hernia mwaka mzima wanakuja sasa. Likizo ya mwaka ni siku 28 na ni haki, lakini lini uende mwajiri ana sauti hapo. Nilichofanya, ratiba ya likizo tunaipanga Januari wote tumekaa, na wiki za korosho zinazunguka, aliyepata mwaka jana mwaka huu anampisha mwenzake, na orodha iko ukutani na majina. Malalamiko hayajaisha lakini hakuna anayeniambia nimempendelea mtu, na hilo kwenye mji mdogo kama huu ambao nusu ya wafanyakazi ni mashemeji wa nusu nyingine sio kitu kidogo.

Na kwa sababu mji ni mdogo, swali bora niliwahi kuulizwa lilitoka kwa yule dada wa mapokezi. Alisema, dada, shangazi yangu akiniuliza kama mke wa fulani amekuja kupima, nimjibuje, maana siwezi kumkatalia shangazi. Mafunzo ya usiri wa mgonjwa wote tumepata, majibu ya VVU yanalindwa na sheria tangu 2008, taarifa binafsi zina sheria yake ya 2022, yote hayo anayajua. Alichokuwa hana ni sentensi ya kumwambia shangazi. Tukakaa tukaitafuta pamoja. Akisema "siwezi kusema" shangazi ataelewa kuwa amekuja. Akisema "hajaja" amedanganya, na siku akija kweli akisema "siwezi kusema" ameshatoboa. Kwaiyo jibu lazima liwe moja, aliyekuja na ambaye hajaja. Tukakubaliana, "Shangazi, sisi wa mapokezi hatusemi nani kaja wala nani hajaja, hata wewe ukija sitamwambia mtu." Ile sehemu ya mwisho ndo imefanya kazi, kwa sababu shangazi naye ana mambo yake ya kupima. Sasa hivi wafanyakazi wote wanaitumia, mpaka mlinzi.

Maswali yote haya naandika kwenye daftari kubwa la kaunta, swali, jibu, na chanzo, sheria au kituo, bila jina la aliyeuliza. Yale ya aibu siandiki mpaka mwenyewe akubali. Daftari liko chumba cha chai, mtu yeyote anafunua. Mfanyakazi mpya wiki ya kwanza namwambia alisome kabla hata ya kusoma kitabu cha sera, kwa sababu kitabu cha sera kimeandikwa kwa lugha ya bosi na daftari limeandikwa kwa lugha ya walioumia.

Swali ambalo halina jibu mpaka leo ni la matibabu ya ndugu. Mfanyakazi anatibiwa hapa bure, mke au mume na watoto wanalipia nusu. Juzi kijana wa maabara kaja tena, safari hii bila kulia, kauliza kama yule mlezi aliyeandikwa kwenye faili akiwa hai anaweza naye kulipia nusu, kwa sababu kumpa mtu siku mbili za kuzika na kumnyima panadol akiwa mzima yeye haoni kama imekaa sawa. Nimeliandika kwenye daftari sehemu ya jibu nimeacha wazi, daktari kaomba mhasibu amletee hesabu, na kikao ni Ijumaa.